Safu Iliyobaki Wazi

Umeuliza, Bwana Mthibiti, kwa kalamu nyekundu,
mbona katika andalio langu la Hisabati
safu ya "mahusiano ya mwanafunzi na wenzake" haina neno.
Nitajaribu. Shule, kama ulivyoiona, ni vyumba viwili
juu ya mchanga mwekundu wa Newala,
watoto thelathini na mmoja, walimu wawili,
mmoja yuko Mtwara mjini anafuatilia mshahara.

La tatu na la nne wanakaa chumba kimoja.
Nusu ya ubao ya hawa, nusu ya wale,
na mstari wa chaki katikati
hufutika kila siku kabla ya saa nne,
kwa kuwa la nne wanawasahihisha la tatu
na la tatu wanawacheka la nne.

Ilikuwa Oktoba, korosho zinaanguka.
Mada: vipimo vya uzito.
Kitabu kilitaka tupime sukari. Sukari sina.
Nikasema kila mmoja alete mkebe wa korosho,
tukaazima mizani ya chama cha msingi,
Somoe akapakia, Dadi akasoma mshale.
(Somoe alivuka Ruvuma mwaka jana na bibi yake.
Kiswahili chake cha kwanza kilikuwa namba,
na aliyemfundisha si mimi, ni Tabia wa la tatu,
kwa kokoto, kwenye foleni ya maji.)

Akaja Mfaume na kopo la kwao,
lenye kovu la nyundo ubavuni.
"Hili ni kilo," akasema. "Baba hupimia."
Dadi akalijua.
Mama yake alilipa deni kwa kopo hilo msimu uliopita,
makopo arobaini,
kwa pesa ya unga aliyoichukua Februari.

Tukapima.
Mshale ukapita moja.
Ukapita moja na nusu.
Ukatulia kwenye moja na robo tatu, ukitetemeka.
Hakuna aliyetamka kangomba.
Dadi akainamia daftari,
arobaini mara robo tatu,
akapata thelathini. Jibu sahihi.
Sijawahi kuweka vema nzito kama ile.

Kesho yake Mfaume hakuja. Wala kesho kutwa.
Kwenye shule ya watoto elfu
pengo lake lingezibwa na kiwiko cha jirani.
Kwetu alikuwa golikipa.
Alikuwa zamu ya ndoo.
Kwenye igizo la Uraia alikuwa hakimu,
na kesi ikakwama, mshtakiwa amesimama
hajui aende nyumbani au afungwe.

Siku ya tatu sikufundisha. Niliandika ubaoni:
*Tengenezeni kopo la kilo moja kamili.*
Likala asubuhi nzima. Wakakata, wakagonga,
wakajaza, wakamwaga, wakagombana, wakapima tena.
Jioni nikamwona Dadi kwenye njia ya kwa kina Mfaume,
kopo jipya kwapani, daftari la mwenzake mkononi.
Sikumtuma.
Naomba hilo ulielewe: sikumtuma.

Walichosemezana sijui.
Mfaume alirudi Jumatatu na uvimbe juu ya jicho,
na kama ulikuwa wa Dadi au wa baba yake
sikuuliza, na kutouliza kwangu bado kunaniwasha.
Alisimama mlangoni. Dadi alikuwa anachonga penseli,
akaendelea kuchonga, hata ilipokwisha kuchongoka.
Ni Somoe aliyesogea kwenye dawati,
akasema kwa lafudhi ya ng'ambo ya mto,
"Hakimu. Tunakungoja."

Basi niambie, Bwana Mthibiti, haya niyaandike wapi.
Safu yako ina upana wa vidole viwili.
Na mizani ya chama, uiandike nayo kwenye ripoti,
hatujairudisha.
Tabia anapima kokoto.
Anasema moja yao inadanganya,
na hataki kunionyesha ni ipi
mpaka wenzake wote waishike.